Beseni la nyungunyungu nyumbani, kwa joto la Kisumu

Nyungunyungu unaowachimba shambani hawafai kazi hii ya kugeuza mabaki ya jikoni kuwa mboji. Wao ni wa udongoni. Ukiwatia kwenye beseni watatoroka au kufa. Tafuta wale wembamba wekundu wa mboji (Eisenia fetida), wanaoishi juujuu kwenye samadi na mabaki yanayooza. Nusu kilo inatosha kuanza.

Hatua ya 1: Chombo
Hawa hula wakiwa kwenye tabaka la juu, sentimita 15 hadi 20, kwa hivyo beseni pana hushinda ndoo. Upana wa sentimita 50 na kina cha 30 ni sawa. Pasha msumari moto, toboa matundu 20 chini na mengine karibu na ukingo. Liweke juu ya matofali yaliyosimama ndani ya karai lenye maji kidogo, siafu wasivuke. Maji hayo yabadilishe kila siku tatu, la sivyo utafuga mbu pia. Funika kwa gunia.

Hatua ya 2: Matandiko
Rarua magazeti na katoni, changanya na majani makavu ya migomba na samadi ya ng'ombe iliyokaa mwezi mmoja au zaidi. Samadi mbichi hupata moto ikawapika. Ongeza konzi mbili za udongo, kwa kuwa nyungunyungu hana meno na husagia chakula kwa chembe za mchanga. Nyunyiza maji, kisha kamua konzi moja kwa nguvu: yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika, ongeza katoni.

Hatua ya 3: Kuwatia
Wamwage juu, waingie wenyewe wakikimbia mwanga. Usiku wa kwanza acha taa ikiwaka. Wakizidi kupanda kingo baada ya siku mbili, matandiko yana kasoro: yameloa mno, yana joto, au yananuka mkojo.

Hatua ya 4: Kulisha
Baada ya siku tatu, fukia robo kilo upande mmoja: maganda ya ndizi, vikonyo vya sukuma wiki, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa. Usiongeze kabla hayo hayajakaribia kuisha; uvundo na nzi wadogo karibu kila mara hutokana na kulisha kupita kiasi. Matumbo ya ngege, mchuzi, mafuta, chumvi na ndimu, hapana.

Joto ndilo muuaji mkuu huku. Wanapenda nyuzi 15 hadi 25. Zikifika 35 wanakufa, na jikoni chini ya mabati hufika huko mchana. Beseni likae chini ya mwembe, gunia likiwa bichi. Nakuru, kwenye baridi zaidi, hamna shida hii sana.

Kuvuna
Baada ya miezi mitatu au minne, mwaga vyote juu ya gunia mahali penye mwanga, ufanye vichuguu vidogo. Subiri dakika kumi, kwangua mboji ya juu, subiri tena. Chini kabisa utabaki na fundo la nyungunyungu. Vijimfuko vya manjano vyenye umbo la ndimu, vidogo kama kichwa cha kiberiti, ni mayai: virudishe kwenye matandiko mapya.