Jinsi ya Kukisia Umbo na Kutanuka kwa Ulimwengu kwa Hesabu: Mwongozo kwa Mtazamaji wa Lamu na Malindi

Swali la iwapo ulimwengu una mwisho ni miongoni mwa maswali ambayo kila mwenye kukaa barazani usiku wa giza huwa na jibu lake. Majibu hayo ni mengi, nayo kwa kawaida yana upungufu mmoja: yamesemwa kwa namna ambayo hakuna kipimo kinachoweza kuyapinga. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji asiye mwanafizikia, anayetaka kukisia umbo la ulimwengu na kutanuka kwake kwa namna ambayo dhana yake itaweza kupimwa na, ikishindwa, kuachwa bila kuona haya. Vitu vinavyohitajika ni daftari, kikokotoo cha simu, kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, na usiku usio na mwezi. Darubini ya mkono inafaa ukiwa nayo, lakini hakuna haja ya kusafiri hadi Mombasa kwenda kuitafuta.

Kabla ya kuandika dhana yoyote, tenga maswali matatu ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni la mpindo: je, anga za mbali zinafuata jiometri tuliyofundishwa shuleni, ambamo pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa huwa nyuzi 180, au zimepinda kama uso wa tufe, au zimepinda kinyume cha tufe? La pili ni la ukubwa: je, kuna kikomo au hakuna? La tatu ni la mwendo: je, masafa baina ya galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, yanaongezeka, na kwa kiwango gani? Jibu la swali moja halitoshi kujibu jingine. Anga iliyo bapa inaweza kuwa na ukubwa wenye kikomo ikiwa imejifunga, yaani msafiri aendaye upande mmoja bila kukata kona hurejea alikoanzia pasipo kukutana na ukuta wala ukingo. Na ulimwengu uliopinda kama tufe hauna ukingo popote ijapokuwa ukubwa wake unahesabika. Mtu akikwambia kwamba ulimwengu ni duara, muulize kwanza anajibu swali lipi kati ya hayo matatu. Wengi hunyamaza hapo.

Hatua ya pili ni kutazama, na katika jambo hili mkazi wa pwani yetu ana nafasi ambayo waliozaliwa Ulaya hawana. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa Ikweta, na Malindi nyuzi 3, hivyo karibu mbingu yote ya kaskazini na ya kusini hupita mbele ya macho yetu katika mwaka. Mapema mwezi wa Disemba, baada ya sala ya Isha, mnamo saa mbili usiku, katika siku za giza, ondoka penye taa. Aliye Lamu anaweza kwenda ufuo wa Shela, akavuka majengo ya mwisho hadi kwenye matuta ya mchanga. Aliye Malindi, ambako taa za mahoteli ni nyingi, ni bora aende Mambrui au Ngomeni. Yape macho dakika 20 za kuzoea giza, na simu ibaki mfukoni.

Elekea kaskazini, utafute mraba mkubwa wa nyota nne za kundi liitwalo Pegasus ulio juu. Kutoka nyota ya pembe yake ya kaskazini-mashariki, fuata upande wa mkono wa kulia ukihesabu nyota mbili, kisha shuka kuelekea upeo wa macho, ukikata kidogo kushoto, mpaka uone doa hafifu lenye umbo la yai. Doa hilo liko karibu katikati ya upeo wa macho na utosi. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, ambayo mwanafalaki Mwajemi Abd al-Rahman al-Sufi aliiandika mnamo mwaka 964 kuwa ni wingu dogo. Sasa geuka kusini. Juu ya bahari, kwa kimo cha takriban nyuzi 20, yaani ngumi mbili za mkono ulionyooshwa, kuna doa jingine: Wingu Dogo la Magellan. Saa hiyo madoa haya mawili yako karibu kabisa kwenye mstari mmoja unaotoka kaskazini hadi kusini kupitia utosini mwako. Wingu Kubwa la Magellan litakuwa bado chini upande wa kusini-mashariki. Usilichanganye na lile dogo.

Nimeeleza njia hii kwa urefu kwa sababu kwa doa la kusini ilipatikana rula ya kupimia ulimwengu, na kwa doa la kaskazini rula hiyo ikatumika. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Harvard, akichunguza picha zilizopigwa huko Peru, alionyesha kwamba nyota 25 za Wingu Dogo ambazo mwanga wake hupanda na kushuka zina kanuni: kadiri mzunguko wa kupanda na kushuka kwa mwanga unavyokuwa mrefu, ndivyo nyota yenyewe inavyong'aa zaidi. Nyota hizo zote ziko mbali nasi kwa umbali unaokaribiana sana, kwa hiyo tofauti ya mng'ao haikuwa udanganyifu wa masafa. Edwin Hubble alipoipata nyota ya aina hiyo katika Andromeda mwaka 1923, kwa darubini ya Mount Wilson nchini Marekani, aliweza kuhesabu umbali wake na kuthibitisha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu. Kwa vipimo vya leo, Wingu Dogo liko umbali wa miaka-nuru 200,000 hivi, na Andromeda milioni 2.5; mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja.

Andika katika daftari lako jambo jingine kuhusu Andromeda: inatukaribia. Mwanafalaki wa Marekani Vesto Slipher aliyapima mawimbi ya nuru yake mwaka 1912 na kukuta kwamba inakuja upande wetu kwa kasi ya karibu kilomita 300 kwa sekunde. Dhana yoyote isemayo kwamba kila kilichoko mbinguni kinatukimbia imekwisha kushindwa papo hapo ufukoni.

Baada ya hapo ndipo uchukue ule mpira wa tyubu, wa aina ile ile ambayo watoto hutengenezea manati. Utie alama za chaki kila baada ya sentimita 2, kisha uuvute mpaka kila sentimita 2 ziwe 3. Ukihesabu kutoka alama yoyote, utaona kwamba jirani yake wa kwanza amesogea sentimita 1, wa pili sentimita 2, wa tatu sentimita 3, na kwamba matokeo hayabadiliki ukichagua alama nyingine ya kuanzia. Hii ndiyo kanuni ambayo Georges Lemaître aliieleza mwaka 1927 na ambayo Hubble aliionyesha kwa vipimo mwaka 1929: galaksi iliyo mbali mara mbili huondoka kwa kasi mara mbili. Kwa hiyo kuona galaksi za mbali zikituacha pande zote hakuthibitishi kwamba sisi tuko katikati. Usiuchukulie mpira huo zaidi ya hapo, kwa sababu una ncha mbili na mikono inayouvuta, na hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha kwamba ulimwengu una vitu hivyo.

Huulizwa pia ikiwa Lamu na Pate zinaachana kwa sababu ya kutanuka huku. Hapana. Vitu vilivyoshikamana kwa nguvu za atomu au kwa uvutano havitanuki, na Andromeda na galaksi yetu ni miongoni mwa vilivyoshikamana kwa uvutano.

Kiwango cha kutanuka huandikwa kwa kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, na megaparseki moja ni miaka-nuru milioni 3.26. Ukigawanya 978 kwa kiwango hicho, utapata makadirio ya umri wa ulimwengu kwa mabilioni ya miaka. Kiwango cha 70 hutoa karibu 14, jibu lililo jirani sana na bilioni 13.8 zinazokubaliwa leo. Tofauti inatokana na kwamba kasi ya kutanuka haikuwa moja wakati wote. Jaribu sasa kiwango cha Hubble mwenyewe, kilichokuwa kama 500. Jibu linashuka chini kidogo ya bilioni 2, ilhali Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5, na haiwezekani mtoto amzidi mzazi wake umri. Kosa lilikuwa katika rula: mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kwamba nyota zilizotumika ni za aina mbili zilizochanganywa, na masafa yote yakabidi kuongezwa takriban maradufu. Dhana yako ikigongana na umri wa mawe au wa nyota kongwe, usikimbilie kubuni sheria mpya ya maumbile kabla hujaikagua rula.

Sehemu ngumu zaidi ni umbo. Mwaka 1922 Alexander Friedmann alionyesha kwamba hesabu za Einstein za uvutano zinaruhusu ulimwengu unaotanuka, na kwamba mpindo wake unategemea wingi wa vilivyomo. Kuna kiasi maalumu ambacho kikitimia anga huwa bapa. Kwa kiwango cha leo cha kutanuka ni sawa na atomu 5 hivi za hidrojeni katika kila mita ya ujazo. Kikizidi, anga hupinda kama tufe. Kikipungua, hupinda kinyume.

Fanya zoezi hili kwa karatasi ili uone ugumu wa kuupima mpindo wenyewe. Juu ya uso wa Dunia, shuka kutoka ncha ya kaskazini hadi Ikweta, fuata Ikweta kwa robo ya mzingo, kisha panda tena hadi nchani. Umechora pembetatu yenye pembe tatu za mraba, jumla nyuzi 270. Sasa chora pembetatu yenye eneo la kilomita za mraba 20 ndani ya kisiwa cha Lamu. Pembe zake zitazidi nyuzi 180 kwa sehemu moja tu kati ya 36,000 ya nyuzi, kiasi ambacho hakuna fundi mwenye bikari atakayekiona. Yaani anayeishi juu ya tufe kubwa na kupima pembetatu ndogo atasema kwa dhati kwamba nchi yake ni bapa. Kwa ulimwengu, basi, inahitajika pembetatu iliyo kubwa kupita zote.

Pembetatu hiyo ipo. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson waligundua mnururisho hafifu (nuru isiyoonekana kwa macho) unaotoka pande zote za mbingu, wenye joto la nyuzi zisizofika 3 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, ambao uliachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Mnururisho huo una madoa ya joto na baridi, na ukubwa halisi wa madoa hayo unajulikana kwa hesabu za fizikia. Basi kitako cha pembetatu ni doa, na kilele chake ni jicho letu. Ikiwa anga ni bapa, doa litaonekana na upana wa karibu nyuzi 1, sawa na mwezi mpevu mara mbili. Ikiwa imepinda kama tufe, litaonekana kubwa zaidi. Ikiwa kinyume, dogo zaidi. Puto la BOOMERanG, lililorushwa Antaktika mwaka 1998, lilileta jibu la nyuzi 1, na chombo cha Planck kilichorushwa mwaka 2009 kimesaidia kuibana tofauti na ubapa hadi sehemu chache katika elfu. Andika jibu hilo kwa adabu: ni bapa kwa kadiri ilivyopimwa, kwa sababu pembetatu ya Lamu nayo ilionekana hivyo.

Malindi imo katika habari hii kwa upande wa mizani. Tarehe 12 Disemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, ikiwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya miale ya eksirei ya mbinguni. Ilionyesha kwamba makundi ya galaksi hutoa eksirei, ambayo chanzo chake ni gesi yenye joto kali iliyojaa ndani yake, na gesi hiyo ikawa njia mojawapo ya kuyapima makundi hayo uzito. Maada yote, ya kuonekana na ya giza (isiyotoa nuru), ni karibu theluthi moja tu ya kiasi kinachohitajika kwa anga bapa. Zilizobaki huitwa nishati ya giza, jina lililokuja baada ya vikundi viwili vya watafiti kuonyesha mwaka 1998, kwa nyota zinazolipuka, kwamba kutanuka kunaongeza kasi.

Sasa unaweza kuijaribu dhana yako. Ikiwa inasema ulimwengu ni wa milele, hauna kikomo na hautanuki, ieleze kwanza kwa nini usiku ni mweusi, kwani kila upande wa macho ungeishia kwenye nyota. Ikiwa inasema kwamba nuru ya galaksi za mbali hutufikia ikiwa nyekundu kuliko ilivyotoka kwa sababu imechoka njiani, wala si kwa kutanuka, ieleze kwa nini milipuko ya nyota za mbali huonekana kufifia polepole kuliko ya karibu, kwa uwiano ule ule wa wekundu wake. Uchovu wa nuru haurefushi muda wa mlipuko, ilhali kutanuka kunaurefusha. Ikivuka hayo, itake itoe namba. Vipimo vya mnururisho wa kale hutoa kiwango cha kutanuka cha karibu 67, na vya nyota za Leavitt pamoja na milipuko hutoa karibu 73, na wataalamu hawajakubaliana kwa nini. Andika ni ipi kati ya namba hizo mbili dhana yako inaitarajia, utie tarehe, na uandike pia ni kipimo gani kikija kitakufanya uifute.