Somo: Kupanda kilima cha Isamilo, Mwanza, asubuhi kulitazama Ziwa Victoria

Mgeni akifika Mwanza hupelekwa Jiwe la Bismarck, anapiga picha, anaondoka. Jiwe ni zuri, lakini ziwa huonekana vizuri ukiwa juu. Tarehe 3 Agosti 1858 msafara wa John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, uliotoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ulipanda kilima kirefu huku kwetu, na kileleni maji yakatokea mbele yao. Ilikuwa asubuhi mapema. Natamani nanyi mlione saa hiyohiyo.

1. Wahi. Ziwa liko magharibi, hivyo asubuhi jua liko mgongoni na maji yanaonekana mpaka mbali. Alasiri jua linakupiga usoni.

2. Vaa raba zenye soli nzuri. Mawe yetu ni graniti: yakikauka mguu unashika, yakilowa yanateleza vibaya. Chukua maji ya kunywa.

3. Panda bodaboda hadi Isamilo, kisha tembea. Hapa nasisitiza kuliko kote: njia zinapita katikati ya nyumba zilizojengwa juu ya mawe, yaani unapita uani kwa watu. Salimia. Ukimkuta mzee wa Kisukuma, "Mwangaluka" itangulie, akikuelekeza, "Wabeja", yaani asante. Wenyeji ndio wanaojua njia ipi imekatwa na mvua na ipi inaishia kwenye ukuta wa mtu. Watoto usiwapige picha bila kuomba wazazi.

4. Jiwe kubwa lizunguke, usiliruke. Usiingize mkono kwenye nyufa. Pimbi hukaa humo, na nyoka pia. Yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu hana neno.

5. Kileleni kaa chini. Tafuta Capri Point, ile rasi ya mji inayoingia ziwani, upande wake wa pili ndiko kilipo kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013. Halafu mkumbuke Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India, akarudi Afrika akiwa huru. Yeye ndiye aliyemtafsiria Speke. Na waliokuwa wakimjibu walikuwa watu wa hapa, waliolijua ziwa hili tangu mababu. Ukimsimulia mwenzio habari za mlima, anza na hao.

MASWALI

Mimi ni mwalimu, Nyegezi. Speke alisimama jiwe lipi? Nataka kuwaonyesha wanafunzi.
— Mwalimu, usiwaonyeshe jiwe. Yeye mwenyewe aliandika kwamba waliondoka kwanza Isamiro, ndiyo Isamilo, ndipo wakapanda kilima alichokiita Somerset. Waonyeshe ziwa lenyewe, inatosha.

Kaka, siku ile Speke alithibitisha kwamba ziwa hili ndilo chanzo cha mto Nile?
— Hapana, aliamini tu. Richard Burton, mwenzake wa safari aliyebaki Kazeh akiugua, alimpinga. Mpelelezi mwingine, Henry Stanley, alilizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875, akianzia Kageye huko Magu, ndipo ikajulikana kuwa ni ziwa moja, si maziwa kadhaa. Speke alikuwa amefariki tangu 1864.

Mama yangu magoti yanamsumbua, nimlete?
— Mpe shikamoo yangu. Mpeleke Capri Point kwa gari, ziwa atalipata bila kupanda mawe.

Naweza kwenda peke yangu? Mimi ni dada.
— Dada, tafuta mwenzio, na hilo nawaambia hata wanaume. Ukiteguka mguu kati ya mawe, nani atakuitia msaada?

Wingu likitanda tukiwa juu?
— Shukeni hapohapo, msingoje tone la kwanza. Radi za ziwani hupiga kweli, na msijibanze chini ya mti.