Warina asali, ile ndoo ya lita 20 inawala

Wenzangu mnaorina asali huku pembezoni, Chanika, Pugu mpaka kule Kisarawe, leo naongelea ndoo. Mnunuzi anakuja na ndoo yake ya lita 20, unamjazia mpaka juu, anakulipa hela ya kilo 20 na unaondoka unacheka. Umepigwa. Asali ni nzito kuliko maji, lita 1 ina karibu kilo 1.4, kwahiyo ndoo ikijaa ni kama kilo 28, zile 8 umempa bure na asante juu. Mi mwenyewe nimeliwa hivo misimu miwili, mpaka siku moja Kariakoo nikamwomba muuza maharage mzani wake nikapima, aisee nilikaa chini. Nunueni mzani, hata mchange watu watano.

Ila mzani hausaidii kama asali yenyewe mbichi. Sega likiiva nyuki wanaliziba wenyewe kwa nta, ukiona limezibwa kama robo tatu hivi kata, likiwa wazi liache. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 inachacha, inatoa povu, na kwa hewa yetu hii ya Dar yenye unyevu ukisahau mfuniko wazi usiku kucha asali inafyonza maji yenyewe hata kama ilikuwa imeiva. Siku ya mvua usirine. Ndoo iwe safi, kavu, yenye mfuniko wa kubana, sio dumu lililokaa mafuta ya taa jamani.

Na hii tabia ya mwenge wa makuti tuiache. Unaunguza nyuki, asali inanuka moshi, cheche zikidondoka kwenye majani makavu ndo hivyo msitu umeshika, afu mwakani utarina wapi? Tumia bomba la moshi, kile kifaa cha mkono cha kupulizia nyuki moshi. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, usiguse, hao ndo nyuki wa kesho, na ukiyakamua pamoja na ya asali, asali inaharibika haraka. Waachie na chakula chao, hasa masika ikikaribia, maana mvua zikichanganya nyuki hawatoki, ukiwakomba asali yote wanahama halafu unasema umerogwa.

Mzinga wa gome pia hapana, ukibandua gome kuzunguka shina lote mti unakufa, mti mzima kwa mzinga mmoja! Wa mbao unakaa miaka.

Kibali: msitu wa hifadhi kama Pugu Kazimzumbwi huingii tu na panga lako, pita ofisi ya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, kwanza, na kama ni msitu wa kijiji ongea na serikali ya kijiji.

Huku mjini asali ikiganda mteja anakwambia umechakachua na sukari. Asali halisi inaganda, mweleze taratibu bila kugombana, kisha weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi. Usiichemshe, utaua harufu na ladha yote.

Machicha ya masega nayo watu wanatupa, sijui kwanini. Yeyusha na maji kwenye sufuria kwa moto mdogo, chuja kwa kitambaa, acha ipoe, nta inaelea juu na kuganda kama keki. Ule mzani wangu nimeununua kwa hela ya nta.