Kuandaa faili la vekta kabla ya kulipeleka kwa fundi wa leza

Kichwa cha mashine ya leza ya kukatia hufuata mstari uleule uliomo kwenye faili la vekta (mchoro wa mistari, si picha ya nukta), pamoja na makosa yake yote. Shiti ya akriliki uliyonunua Kariakoo ikishakatwa vibaya haina marudio, kwa hiyo kagua faili kabla hujatoka nyumbani.

Anza na kipimo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika faili linapohama programu. SVG, aina ya faili la vekta, ikitoka kwenye programu ya kuchorea ya Illustrator huhesabu pikseli 72 kwa inchi, wakati programu nyingine, Inkscape, tangu toleo la 0.92, huhesabu 96. Kibao cha mm 400 kikitoka Illustrator kwenda Inkscape hufunguka kikiwa mm 300. DXF, aina nyingine ya faili la vekta, nayo mara nyingi haibebi kizio cha kipimo: milimita zikisomwa kama inchi, kazi inakua mara 25.4. Dawa yake ni kuchora mraba wa mm 100 pembeni, kwa rangi yake peke yake, na kumwomba fundi aupime kwenye kompyuta yake. Akisoma 75, achague kila kitu pamoja na mraba, akuze kwa asilimia 133.33, kisha aufute mraba.

Maandishi yageuze kuwa maumbo: CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator Ctrl+Shift+O, Inkscape Ctrl+Shift+C. Usipofanya hivyo na fundi hana fonti yako, kompyuta yake itaweka nyingine. Tunza nakala ya awali, kwa sababu baada ya hapo huwezi tena kusahihisha herufi. Kwenye Inkscape usiguse Ctrl+Alt+C: hiyo hugeuza unene wa mstari kuwa umbo, na leza itakata kingo zake mbili badala ya mstari mmoja.

Tazama neno KARIBU likikatwa na kutoboka kwenye MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa). Tumbo la A (nafasi iliyofungwa ndani ya herufi), la R na yale mawili ya B yote yanadondoka, unabaki na matundu. Acha vidaraja vya mm 2 hadi 3 vinavyoshika kila tumbo, au tumia fonti ya stensili, ambayo tayari ina vidaraja hivyo.

Tenga kazi kwa rangi, kwa mfano nyekundu kukata na nyeusi kuchonga, na umwandikie fundi maana yake. Matundu ya ndani yakatwe kwanza. Mzingo wa nje ukitangulia, kipande kinasogea na matundu yanakaa upande. Mistari iliyolaliana hukatwa mara mbili na huunguza ukingo. LightBurn, programu ya kuendeshea mashine ya leza, huifuta kwa Alt+D. Kwa vipande vya kuchomekana, leza hula takriban mm 0.1 hadi 0.2 za upana kwenye kila mkato, hivyo kata kwanza kipande kidogo cha majaribio kwenye shiti hiyohiyo.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma SVG au DXF yenyewe kama hati. Ukituma picha yake, fundi atapokea JPEG, na itambidi aichore upya kwa kukisia.