Psycho nyumbani: rekebisha televisheni kwanza

Kabla hujaweka diski ya Psycho ya Alfred Hitchcock (1960), ingia kwenye mipangilio ya televisheni. Zima ule ulainishaji wa mwendo (televisheni kujiongezea picha za kati ili mwendo uteleze). Unaifanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana. Filamu ni ya nyeusi na nyeupe; ukiona ukijani kwenye mashavu ya mwigizaji Janet Leigh, shusha rangi hadi 0.

Kisha mwangaza, na hapa usiwe na haraka. Simamisha picha pale anapoendesha gari usiku mvuani. Punguza mpaka giza liwe jeusi hasa, ila waipa na matone yaonekane. Ukizidisha, umejinyima nusu ya hofu.

Taa zima zote. Sauti usiibane: mtunzi wa muziki wake, Bernard Herrmann, alitumia ala za nyuzi tu, na ndizo zinazotisha (damu yenyewe ni shira ya chokoleti). Wachelewaji wafungie nje; Hitchcock aliagiza kumbi za sinema zifanye hivyohivyo.