Somo: Kusomea fiziotherapia ukiwa Mombasa, tangu matokeo ya KCSE hadi leseni

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka, simu yangu haitulii. Wazazi kutoka Kisauni, Likoni na Changamwe huuliza jambo moja: kijana wangu anataka ile kazi ya kunyoosha wagonjwa, aanzie wapi? Nimeifanya kazi hii miaka 11 na naipenda, kwa hivyo leo naandika kila ninachowaambia, mpate kurudi kukisoma. Maswali mliyonitumia wiki hii nimeyajibu chini.

Hatua ya 1: Nenda ukaone kwanza

Kabla ya kujaza fomu yoyote, omba ruhusa ukae asubuhi moja kwenye idara ya fiziotherapia. Hospitali kuu ya Pwani, ambayo sote twaiita Makadara, ina idara hiyo. Port Reitz nako kuna chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kinachohudumia watu wenye ulemavu wa viungo. Ingia kwa adabu, jieleze, keti pembeni utazame.

Utaona vijana wa bodaboda waliovunjika miguu, watoto wenye mtindio wa ubongo, wazee wa kiharusi. Utaona pia kwamba mgonjwa haji na goti peke yake. Huja na kazi anayotaka kuirudia. Nilikuwa na mama mmoja wa makamo aliyevunjika goti. Nilipomuuliza anataka nini, hakutaja maumivu. Alisema, "Mwanangu, nataka nikae kwenye mbuzi nikune nazi yangu mwenyewe." Kibao cha mbuzi kiko chini sana. Kukikalia na kuinuka bila kushika ukuta kunataka goti linalokunjika vizuri na paja lenye nguvu. Basi mazoezi yake yote tuliyapanga kwa kibao hicho: tulianza na kiti cha kawaida, tukashuka hadi kistuli, mwisho akaleta mbuzi yenyewe ndani ya mkoba. Ukitazama kazi kama hiyo asubuhi nzima na moyo wako usisisimke, ni heri ujue sasa kuliko baada ya karo ya miaka mitatu.

Hatua ya 2: Alama zako

Stashahada ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, huchukua miaka mitatu na inataka wastani wa C kwenye KCSE, ukiwa na C ya Biolojia na C ya Kiingereza au Kiswahili. Fizikia, Kemia na Hisabati pia huangaliwa. Maombi hupitia tovuti ya KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo. KMTC ina kampasi nyingi na si kila moja inafundisha kila kozi, kwa hiyo soma orodha ya mwaka wako kwa makini kabla ya kuchagua, na ujiandae kuhama nyumbani. Mwenye alama za chuo kikuu anaweza kusomea shahada, kwa mfano Chuo Kikuu cha JKUAT. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unawafikia wanafunzi wa KMTC pia, msiuachie wa vyuo vikuu peke yao.

Hatua ya 3: Hakikisha chuo kinatambuliwa

Hapa nawasihi msifanye haraka. Tangu sheria ya wataalamu wa fiziotherapia ya mwaka 2014, tuna Baraza la Fiziotherapia la Kenya. Hilo ndilo linaloidhinisha mafunzo, linalosajili na linalotoa leseni. Nimewahi kuketi na binti aliyelia mbele yangu. Mamake aliuza shamba ili alipe karo ya kozi ya miezi michache, akapewa cheti kizuri chenye mhuri, na hakuna hospitali iliyokipokea. Kabla ya kulipa hata shilingi, wasiliana na Baraza uwatajie jina la chuo na jina la kozi. Yote mawili, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na kozi isiwe.

Hatua ya 4: Mwaka wa kwanza ni anatomia

Wengi huangukia hapa. Mifupa 206, misuli, mishipa ya fahamu, kila kimoja na jina lake la Kilatini. Ukikariri kitabu peke yake, baada ya mtihani vitu vyote vitakutoka. Mimi nilijifunza juu ya mwili. Ndugu yangu mdogo alikuwa akilala kwenye mkeka nami namchora mgongoni kwa chaki: hapa bega linaanza, hapa misuli minne inayolishika bega mahali pake, hapa mshipa unapita. Shika, bonyeza, mwambie ainue mkono usikie msuli ukikaza chini ya kidole chako. Ukishausikia hutausahau.

Fizikia nayo itarudi, hasa wenzo na nguvu, maana kila kiungo cha mwili ni wenzo. Mtajifunza kupima pembe za viungo kwa goniometa, na kupima nguvu za msuli kwa daraja la 0 hadi 5. Daraja la 3 maana yake mgonjwa anaweza kuinua kiungo chake dhidi ya uzito wake, lakini ukikisukuma kidogo kinaanguka.

Hatua ya 5: Wodini

Darasani unajua jibu. Wodini unaye mtu mzito, mwoga, aliyelala kitandani wiki mbili, na watu wa nyumbani kwake wanakutazama. Nitaeleza jambo moja kwa ukamilifu, kumhamisha mgonjwa wa kiharusi kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu utalifanya tangu siku ya kwanza.

Weka kiti upande wake ulio mzima. Funga breki. Inua vikanyagio. Msogeze akae ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, zikiwa nyuma kidogo ya magoti. Simama mbele yake, goti lako lizuie goti lake dhaifu lisikunjike. Mshike kwenye mkanda wa kiunoni au nyuma ya mabega. Mwambie ainame mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, kisha hesabuni pamoja, asimame, ageuke taratibu, akae.

Usimvute mkono uliopooza, wala usimwinue kwa kumtia mikono makwapani. Misuli inayolishika bega hilo imelegea. Ukivuta, mfupa unateremka kutoka mahali pake na maumivu yake yanaweza kudumu miezi. Nyumbani kwetu watu huvuta mkono huo kwa mapenzi tu, wakidhani wanamsaidia mzee. Wafundisheni, kwa upole.

Katika mafunzo yangu ya kwanza wodini nilisahau breki. Kiti kikarudi nyuma, mgonjwa akateleza, tukakaa naye sakafuni. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini uso wake sijausahau. Tangu siku hiyo nazitaja breki kwa sauti kabla ya kumgusa mtu yeyote, na wanafunzi wangu nawataka wazitaje.

Hatua ya 6: Usajili

Ukihitimu, unajisajili kwa Baraza na kuchukua leseni. Bila hiyo usimtibu mtu, hata jirani anayekuomba.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Likoni: Assalam aleikum dada. Mimi ni binti wa Kiislamu, navaa hijabu. Kazi hii ni ya kugusa watu, wanaume wakiwemo. Nitaiweza?*

Waaleikum salaam mdogo wangu. Hukumu ya dini muulize sheikh unayemwamini, mimi nitakueleza kazi inavyofanyika. Tunaomba ruhusa kabla ya kugusa, tunafungua sehemu inayotibiwa tu, pazia linavutwa, na mgonjwa ana haki ya kuomba atibiwe na mtu wa jinsia yake. Wanawake wengi wa hapa mjini humaliza wiki na maumivu ya mgongo baada ya uzazi bila kuja, wakiona haya kumkuta mwanamume. Wewe wanakuhitaji. Na dini yako itakusaidia kumwelewa mgonjwa: kutembea barabarani goti hutaka kukunja kiasi cha digrii 60, lakini kukaa tahiyyatu, kile kikao cha kwenye swala, hutaka kupita 130. Asiyejua swala anaweza kumruhusu mzee aende zake akidhani amepona.

*Kutoka Majengo: Mwalimu, nyanya yangu ni mkandaji na watu wanapona. Tofauti yenu ni nini?*

Nyanya yako mpe salamu zangu, mikono yake ina maarifa ya miaka mingi. Tofauti kubwa ni kupima kabla ya kutibu, na kujua lini usiguse. Nakuomba umfikishie hili: mtu akija na shavu la mguu mmoja limevimba, lina moto na linauma, hasa baada ya kulazwa au safari ndefu, asikandwe. Huenda ni damu iliyoganda mshipani, na ikisukumwa inaweza kwenda hadi mapafuni. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

*Kutoka Changamwe: Nina D+. Nifanyeje?*

Kaka, kwa alama hiyo stashahada hii haikupokei. Unaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nimewaona waliofanya hivyo wakafaulu. Atakayekuahidi njia ya mkato, mwombe kwanza akuonyeshe idhini ya Baraza.

*Kutoka Tudor: Binamu yangu yuko Marekani, anasema huko kuna msaidizi wa fiziotherapia. Naweza kusomea hapa nikaenda?*

Huko ni kada yake yenyewe, na wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1969. Msaidizi husoma takriban miaka miwili kwenye chuo kilichoidhinishwa na CAPTE, tume ya huko inayokagua mafunzo ya fiziotherapia, hufanya mtihani wa taifa, kisha huchukua leseni ya jimbo atakalofanyia kazi. Hufanya mazoezi na mgonjwa chini ya mtaalamu. Kumpima mgonjwa mara ya kwanza na kupanga tiba ni kazi ya mtaalamu mwenyewe. Cheti cha Kenya hakigeuki leseni ya huko moja kwa moja, masomo yako yatalinganishwa na yao kwanza. Ukiwa na nia hiyo, tunza kila karatasi: matokeo, muhtasari wa masomo, saa ulizofanya wodini.

*Kutoka Kongowea: Mamangu ametoka hospitali na fimbo. Aishike mkono gani?*

Hili si la masomo, lakini nalijibu kwa furaha. Aishike upande wa mguu mzima, na mguu mbovu na fimbo viende mbele pamoja. Urefu wake: asimame wima akivaa viatu vyake, mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja. Kwenye ngazi mguu mzima hutangulia kupanda, na mbovu hutangulia kushuka. Angalieni pia mpira wa chini ya fimbo. Ukilika hadi ukalainika, nunueni mwingine kabla hajatoka tena nje.