Uyoga wa Kichuguu: Uchimbue Mpaka Chini Kabla ya Kuuamini

Masika yakishalowesha ardhi, vichuguu vya Muheza, Korogwe na Handeni huanza kutoa uyoga. Huu hauoteshwi bandani kama ule uyoga uitwao mamama. Kuvu wake huishi na mchwa: wao huleta majani na miti mikavu, kuvu huyaozesha, nao hula kilichooza. Ukimwaga sumu kwenye kichuguu, umeua na uyoga wa miaka ijayo.

Alama ya kwanza iko ardhini. Shina huendelea chini kama mzizi mrefu hadi kwenye sega la mchwa. Kwa hiyo usikate juu juu. Chomeka kijiti kilichochongwa kando ya shina, legeza udongo, vuta polepole. Mzizi ukikatika, chimbua kwa vidole sentimita 10 hadi 15 uone unakoelekea. Jembe liache nyumbani, litavunja sega. Wale wadogo wa kofia ya sentimita 1 au 2, wanaotapakaa chini kwa mamia, hawana mzizi huo mrefu. Hao wachumwe na anayewajua tu.

Kisha tazama kofia: katikati ina ncha, ndiyo inayotoboa udongo. Tazama kitako pia. Ukikuta kifuko au kikombe kinachozunguka kitako cha shina, tupa wote, kwani ndiyo alama ya jamii yenye sumu inayoua ini. Kifuko hicho hubaki ardhini mtu anapokata kwa kisu, na hapo ndipo wengi hupotea. Wenye pete shinani, anayeanza auache, ingawa baadhi ya uyoga wa kichuguu nao huwa na pete.

Ukibaki na shaka, kata shina, laza kofia iliyokwisha kufunguka juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, matamvua (yale makunjo membamba chini ya kofia) yakitazama chini. Funika kwa bakuli hadi asubuhi. Uyoga wa kichuguu huacha vumbi la waridi hafifu. Vumbi jeupe au la kijani, usile. La kijani ni la ule mweupe wenye magamba ya kahawia unaoota kwenye nyasi za uwanjani; ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe, ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Huo hutapisha na kuharisha ndani ya saa chache.

Ule wa kifuko ni hatari zaidi kwa sababu huchelewa. Mlaji huanza kutapika na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24, kisha hupata nafuu ya uongo huku ini likiharibika. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kuweka kitunguu au sarafu sufuriani ili kutambua wenye sumu ni imani tu, na uyoga kuliwa na konokono hakuthibitishi kwamba ni salama. Mtu akiugua, mpeleke hospitali mara moja hata akijisikia vizuri. Kwa waliopo mjini Tanga ni Bombo. Beba kipande kibichi kilichobaki au mabaki ya chakula.

Usichume kwenye michungwa iliyopigwa dawa, wala kando ya barabara ya Segera, kwani uyoga hunyonya kemikali. Ndani ya Hifadhi ya Amani usichume bila kibali.

Beba kikapu cha ukindu. Mfuko wa plastiki, mbali na marufuku ya 2019, huufanya utoke jasho na kuoza kabla ya jioni kwa joto la pwani. Acha iliyokwisha kulegea na yenye funza. Futa udongo kwa kitambaa, pika siku hiyohiyo, na uive sawasawa, angalau dakika 15, ndipo utie tui zito.

Wa kukausha, pasua vipande vya milimita 5, tandaza kwenye chanja bila kurundika. Masika jua halitabiriki, hivyo hamishia chanja juu ya jiko la makaa, mbali na moto. Umekauka unapokatika kwa mlio. Ukipinda tu, urudishe, la sivyo utaota ukungu ndani ya chupa.